El Cid (1961) kwenye ua wa Ngamiani: tuandaeje, na vijana tuwaambie nini?

MwanaMakorora:
Wakuu, habari za jioni. Ijumaa ijayo tunaonyesha El Cid, ile filamu ya shujaa wa Hispania ya kale, yenye Charlton Heston na Sophia Loren, kwenye ua wa nyumba, Ngamiani, Tanga. Watu kama 40, wengi wao vijana wa sekondari. Projekta ni ya kuazima, nguvu ya mwanga wake lumeni 3,000, na skrini ni shuka jeupe lenye upana wa mita 3. Filamu inazidi saa tatu, sasa tuanze saa ngapi na tukate wapi? Halafu lile la mwisho, maiti ya El Cid kufungwa juu ya farasi ili iongoze jeshi, vijana wakiuliza kama ni kweli tuwajibu nini?

FundiMwanga:
Mkuu, anzeni baada ya Isha, saa mbili na robo. Hapo giza limeshakolea na hakuna anayekatishwa swala. Msitafute pa kukata, filamu ina mapumziko yake yenyewe, Rodrigo (ndiye El Cid mwenyewe) akishafukuzwa nchini. Mtamaliza kwenye saa tano na nusu.

Shuka moja hupitisha mwanga, picha inapauka. Likunjeni mara mbili au mtundike kitambaa cheusi nyuma yake. Upepo wa baharini nao utalijaza kama tanga la jahazi, na kila likivimba picha inapotea ukali. Dawa yake ni kulibana ukutani. Kama ukuta hauna nafasi, tengenezeni fremu ya mirunda, kamba kila sentimita 40 pande zote nne, pamoja na ule wa chini ambao watu huuacha ukining'inia. Kutoboa matundu hakusaidii kitu, shuka linachanika tu.

Filamu hii ni pana mno, upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Kwenye mita 3 mtapata picha ya kimo cha mita 1.3 hivi, na weusi juu na chini. Asije mtu akabonyeza kitufe cha kuijaza skrini: ama nyuso zitarefuka, ama pembeni patakatwa, na vita vya filamu hii viko pembeni.

Maandishi ya tafsiri yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, yasogezeni kwa vitufe vya G na H. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana, faili limetengenezwa kwa kasi nyingine: picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Tofauti hiyo ni zaidi ya dakika mbili kila saa, na kusogeza hakutaitibu. Tafuteni faili jingine. Lijaribuni Alhamisi, tena mrukie dakika ya 150, msiishie dakika kumi za mwanzo.

Kibali cha kuonyesha hadharani, muulizeni mapema afisa utamaduni wa jiji.

MaalimChumbageni:
Rodrigo Díaz wa Vivar aliishi kweli. Jina "Cid" ni neno la Kiarabu, sayyid, lilelile walilopewa watawala wa Unguja tuliowaita Seyyid. Anzeni hapo, vijana watategea sikio.

Mfalme wake, Alfonso VI wa Kastilia, alimfukuza mwaka 1081, naye akaenda kumtumikia mtawala Mwislamu wa mji wa Zaragoza kwa miaka kadhaa. Filamu inalipita hili mbio, nami naona ndilo kosa lake kubwa, kwa sababu mtazamaji anaondoka akidhani vita vile vilikuwa dini moja dhidi ya nyingine. Wafalme Wakristo walipigana wao kwa wao, na watawala Waislamu vilevile.

Mji wa Valencia aliuteka mwaka 1094 na akautawala mwenyewe. Alifia humo mwaka 1099, wala si kwa mshale kama filamu inavyoonyesha. Mkewe Jimena aliushikilia mji hadi 1102. Yule Ben Yusuf, adui mkuu kwenye filamu, anayekanyagwa na farasi ametokana na Yusuf bin Tashfin, mtawala wa Murabitun kutoka Afrika Kaskazini, ambaye aliishi hadi 1106. Ngome mtakayoiona kando ya bahari ni Peñíscola, si Valencia.

Kisa cha maiti kilikuzwa na watawa wa monasteri ya Cardeña, alikozikwa. Utenzi wa kale wa Cid haukitaji kabisa.

Kitovuni:
Maalim amesema kweli, ila msiwape haya kabla ya filamu, mtawaua hamu. Habari ya Zaragoza itoeni wakati wa mapumziko. Ya kifo ingojee mwisho.

Na mwisho ukifika, watajieni Liyongo. Alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, akaenda kisimani, akapiga goti na upinde mkononi, akafa hivyohivyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai, hata mama yake akaombwa aende kumbembeleza. Maiti ya Cid inawakimbiza maadui, ya Liyongo inauzuilia maji mji wake mwenyewe. Waulizeni kwa nini, kisha waacheni wabishane.

MwanaMakorora:
Ahsanteni sana. Fundi, nimeikagua projekta: ni ya ofisini, uwiano wa picha yake (upana kwa kimo) ni 4 kwa 3. Itafaa?

FundiMwanga:
Itafaa, ila karibu asilimia 40 ya mwanga itaangukia kwenye weusi. Zimeni taa zote za uani, na kama picha bado hafifu ipunguzeni hadi mita 2.5. Umbali wa projekta upimeni kwa futi kamba mchana, kabla mikeka haijatandikwa.