Eka tatu ya marehemu baba, warithi wanataka kukata viwanja, sheria inasemaje?

MtotoWaDunga
Asalaam aleikum ndugu zangu, naomba msaada maana wiki ya pili hii silali vizuri. Marehemu baba alipewa eka tatu na serikali huku Dunga, Unguja, sisi tumezaliwa tumeikuta ina minazi na miembe, na mama katulea kwa muhogo wa shamba hilohilo mpaka tumemaliza skuli. Sasa tumebaki warithi saba na kaka zangu wamekuja na dalali, wanataka likatwe viwanja viuzwe kila mtu achukue chake, dalali anasema barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali wa hapa mtaani, na mashahidi wawili inatosha, mnunuzi anajenga kesho. Miye nimekataa kusaini, wamenikasirikia hawanisemeshi. Mtu mmoja kazini kanambia ipo sheria ya 1999 lazima kwanza uitishwe mkutano wa kijiji, mwengine kanambia sheria zimebadilika shamba la kilimo halijengwi bila ya ruhusa. Nimshike nani? Na kwani eka tatu inarithiwa au inarudi serikalini?

Pwani_Mchangani
Waaleikum salaam. Huyo wa 1999 kakupeleka Bara dada yangu. Sheria ya Ardhi namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji namba 5 za mwaka huo ni za Tanganyika, hazivuki bahari, ardhi si jambo la Muungano. Huku kwetu Zanzibar unaanza na Sheria ya Matumizi ya Ardhi namba 12 ya 1992. Watu wengi wanasoma vitu vya Bara mtandaoni halafu wanakwenda kubishana navyo kwa sheha.

Mzee_wa_Mwera
Mwanangu umefanya vizuri kutosaini. Nitakueleza kwa urefu kidogo maana jambo hili nimelipitia kwa ndugu zangu wa tumbo moja na mpaka leo wawili hawaendeani hata kwa maziko.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote iliwekwa mikononi mwa serikali, kisha Mzee Karume akaanza kugawa eka tatu tatu, hapo Dole mwaka 1965, watu wapate pa kulima. Ilikuwa ni pa kulima, na aliyepewa hakuruhusiwa kuuza wala kukata. Sheria ya 1992 ikaja ikaruhusu irithiwe, kwa hiyo hapo ondoa wasiwasi, hairudi serikalini kwa sababu baba kafariki. Lakini sheria hiyohiyo inasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, wewe unashika haki ya kuitumia. Na mpewaji wa eka tatu hawi sawa na mtu aliyenunua kiwanja mjini.

Sasa wengi wanapopotea ni hapa, wanadhani kuuza na kubadilisha matumizi ni kitu kimoja. Kumhamishia mtu haki yako kuna njia yake, ile sheria ya uhaulishaji ya 1994 imeweka Bodi ya kuangalia mauzo kabla hayajakamilika. Kulifanya shamba kuwa makaazi ni jambo jengine kabisa, hilo la wenye mipango miji na vijiji, na tangu 2015 kazi hizi za ardhi zimekusanywa chini ya Kamisheni ya Ardhi. Unaweza kuruhusiwa kuuza na ukakataliwa kujenga. Barua ya sheha ni ushahidi kuwa anakujueni na mnakaa hapo, ina thamani yake, ila sheha hatoi haki ya ardhi wala hapangi mji.

KarafuuKwanza_Pemba
Nakazia alilosema mzee na naongeza la miti. Huku kwetu Wete mtu anaweza kuwa na mikarafuu juu ya ardhi ya mwengine na wote wawili wana haki. Uliza kwanza nani alipanda hiyo minazi na miembe, isije mwanamke au ami yenu akatoka na madai baada ya pesa kuliwa. Kwetu hilo limegombanisha watu mpaka Mahakama ya Ardhi, mnunuzi keshamwaga msingi na mwenye miti kasimama hapo analia.

Pwani_Mchangani
Na tusijifanye hatuoni, sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa milioni 1.3, ya 2022 tumefika 1,889,773, visiwa ni vilevile havijaongezeka hata pima moja. Nimekaa Fuoni nimeona mashamba yanageuka nyumba bila ya njia, gari ya zimamoto haipiti, maiti anatolewa kwa kupishana na kuta. Kila aliyekata shamba alisema ni lake peke yake.

MtotoWaDunga
Allah awalipe kheri. Mzee, sasa nianzie wapi kwa vitendo? Kaka mkubwa anasema nikienda ofisini nitawacheleweshea na mnunuzi atakimbia.

Mzee_wa_Mwera
Mnunuzi anayekimbia karatasi muache akimbie mwanangu. Anza na mirathi, ikapimwe kisharia kila mtu ajue fungu lake, mama yenu na dada zako wasisahauliwe, nenda ofisi ya Wakfu na Mali ya Amana wakuelekeze. Halafu tafuta karatasi ya baba ya eka tatu hata kama imeliwa na mchwa, nenda nayo Kamisheni ya Ardhi uulize eneo lenu limepangiwa nini kwenye ramani. Visiwa vyote vimepigwa picha kwa droni kuanzia 2016 na vijana wetu wa SUZA, chuo kikuu chetu cha serikali, walifundishwa kuzirusha, kwa hiyo mipaka inaonekana hata mawe yakiwa yameng'olewa. Chukua na kaka mmoja mwende pamoja, asikie kwa masikio yake, maana ukimpelekea maneno wewe atasema umeyapika.

MtotoWaDunga
Karatasi ya baba ipo kwa mama kwenye sanduku la mvule, nimeiona leo asubuhi. Kaka wa katikati kakubali twende wote Jumatatu.