Msaada wa Kiingereza: "definitely" imenitokea puani, "maybe" nayo imemtisha mgeni

Karani wa Safari (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, najibu barua pepe za wageni. Kiingereza changu ni cha shule ya kata. Kusoma naelewa, kuandika ndiyo kasheshe. Mwaka jana wageni wawili wa Uingereza waliniuliza kama mwezi wa nane wataona nyumbu wakivuka Mto Mara. Nikajibu kwa kujiamini: "You will definitely see the crossing." Wakakaa Kogatende siku tatu. Nyumbu wakajaa ukingoni, wakanusa maji, wakageuza. Siku ya nne, wageni wakiwa njiani kurudi, ndipo wakavuka. Barua yangu ilirudi kwa bosi ikiwa imepigiwa mstari chini ya neno moja tu, na sehemu ya hela ikarudishwa.

Tangu hapo nikaapa. Kila kitu naweka "maybe". Wiki iliyopita nikamwandikia mama mmoja anayesafiri peke yake, ndege yake inatua KIA saa nne usiku: "Maybe our driver will wait for you at the airport." Akajibu neno moja: "Maybe???" Alama tatu za kuuliza, na bosi kaziona.

Nikifungua kamusi, maybe ni labda, perhaps ni labda, possibly ni labda, na probably nayo ni labda. Sasa nachagua kwa kigezo gani? Na zinakaa wapi kwenye sentensi? Nawasilisha.

Mzee Kipara

Huyo mama bado anakuja, au keshahamishia safari Kenya?

Karani wa Safari

Bado yupo mkuu. Usinitie presha.

Vumbi la Seronera

Mleta uzi, mimi ni dereva na mwongoza watalii, lugha nimejifunzia kwenye usukani. Kosa lako la kwanza si la Kiingereza. Nyumbu hana ratiba. Kaskazini ya Serengeti wanakaa kama Julai hadi Oktoba, lakini saa ya kuvuka wanaijua wenyewe.

Mimi napanga maneno kwa wanyama. Tembo Tarangire mwezi wa tisa, maji yamebaki mtoni tu: "You will almost certainly see elephants." Simba ndani ya kreta ya Ngorongoro: "You will probably see lions." Faru mle mle kreta, akiwa mbali kama jiwe jeusi: "Perhaps we will see a rhino." Chui nasema "possibly", halafu nanyamaza. "Definitely" naiweka kwa vitu vilivyo mkononi mwangu: maji ya kunywa yapo, tairi la akiba lipo, saa kumi na mbili asubuhi nipo getini.

Mwalimu wa Zamu

Vumbi kamaliza nusu ya somo. Mimi niongeze pale vielezi hivi vinapokaa, maana wanafunzi wangu wengi huteleza hapo.

"Maybe" na "perhaps" kwa kawaida huanza sentensi, kama labda yetu. "Probably", "certainly" na "definitely" hupenda katikati: nyuma ya kitenzi kisaidizi, "The driver will probably be late", nyuma ya is na are, "The road is probably closed", lakini mbele ya kitenzi kikuu kikiwa peke yake, "It probably rained." Ukianza na "Probably" hujafanya dhambi, ila mwenye lugha mara nyingi angeiweka katikati.

Kizungumkuti ni kwenye ukanushi. Hapo neno linapanda mbele ya won't au doesn't: "The road probably won't open today." Ukiandika "won't probably open" msomaji atakuelewa, lakini sikio lake litakataa. Sisi kanusho limo tumboni mwa kitenzi, haitafunguliwa, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuwaza kama neno lipite mbele yake au nyuma.

Na tafadhali, "maybe" ya kielezi ni neno moja. "May be" ni mawili, na ni kitenzi: "He may be late." Halafu acheni "Maybe he may come". Mashaka ya nini mara mbili?

Binti Pangani

Mwalimu, kuna kitu umekiruka. Labda yetu ina kazi ya pili ambayo maybe haina: adabu. Mtu anasimama kikaoni, "Labda nianze kwa kuwashukuru." Hana shaka yoyote, anapiga hodi tu kabla ya kusema. Nimeona barua za Kitanzania zimeandikwa "Maybe let me explain the price", na mzungu anajiuliza kama utaeleza au hutaeleza. Karani, chunguza barua zako. Nahisi nusu ya maybe zako ni hodi.

Karani wa Safari

Nimefungua zilizotumwa. "Maybe I inform you that the park fees have changed." Aisee. Mgeni ataona ada za hifadhi labda zimebadilika.

Mswahili wa Leicester

Na "surely" muiogope. Kamusi itakwambia ni hakika, ukaandika "Surely you have paid the deposit" ukidhani unamthibitishia. Huku Uingereza hiyo inasikika kama "jamani, usiniambie hujalipa!" Ni neno la mshangao na la kuvuta mtu akubaliane nawe. Ukitaka hakika tupu, andika "certainly".

"No doubt" nayo ina ujanja. Ukiandika "No doubt you are tired after the flight", hiyo ni bila shaka ya kukisia, kama tunavyomwambia mgeni mlangoni, "bila shaka umechoka, karibu ukae." Ukitaka ile ya kiapo, ni "There is no doubt that..."

Mzee Kipara

Kumbe nao wana bila shaka yenye shaka!

Faili la Zamani

Karani asijione mjinga. Mwaka 1951 wachambuzi wa CIA waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia ni "serious possibility". Mkuu mmoja akamuuliza Sherman Kent, aliyehusika na ripoti ile, maana yake nini. Kent akasema yeye alikusudia kama 65 kwa 35 kwamba shambulio litatokea. Alipowauliza wenzake waliokubaliana naye neno lile lile, mmoja alikuwa na 80 kwa 20, mwingine 20 kwa 80. Mwaka 1964 akachapisha jedwali: "probable" iwe kama asilimia 75, "almost certain" kama 93. Wanasayansi wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, nao wana lao: "likely" ni kuanzia asilimia 66, "very likely" kuanzia 90.

Kwa hiyo kabla hujachagua neno jiulize: kati ya wageni kumi, wangapi watakiona?

Vumbi la Seronera

Hapo kwenye likely, "The road will likely be closed" ni sawa? Wageni wangu wa Marekani wanasema hivyo kila siku.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nafuta. "The road is likely to be closed", basi.

Mswahili wa Leicester

Unafuta bure, mwalimu. Wamarekani wanaitumia hivyo kawaida kabisa. Huku wengi wanapenda iwe na mwenzake, "will very likely" au "most likely". Karani aangalie mgeni katoka wapi.

Karani wa Safari

Asanteni sana. Nimemwandikia yule mama upya, nikosoeni kabla sijatuma:

"Our driver will be waiting for you at the airport with your name on a board. Your flight will probably land on time. If it doesn't, he will definitely stay until you come out."

Mwalimu wa Zamu

Safi. Tuma.

Vumbi la Seronera

Kiingereza safi. Dereva mwenyewe ameshaambiwa?

Karani wa Safari

Ngoja nimpigie.