Viambato vya mwani unaoliwa: ni faida zipi zimethibitika kwa binadamu?

Bahati_N aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye ujuzi wa lishe na dawa. Mama mkwe wangu ameanza kumeza vidonge vya unga wa mwani wa kahawia kila asubuhi, baada ya kuelezwa kwamba vina fukoidani na kwamba kiambato hicho husafisha damu, huyeyusha mafuta ya mwili na huzuia saratani. Lebo ya kopo inataja "mwani asilia" na uzito wa kila kidonge, lakini haisemi ni mwani wa aina gani wala una madini joto kiasi gani. Yeye ni mgonjwa wa tezi ya shingo na anatumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi hiyo, kwa muda mrefu. Sipendi kumzuilia kitu chenye manufaa ya kweli. Ningependa kujua ni viambato vipi vya mwani vimeonyesha faida kwa binadamu, na ni vipi ambavyo bado vinasifiwa kwa matumaini tu.

Mfamasia_Mzee alijibu:

Ndugu Bahati, naomba tuanze na madini joto, yaani iodini, kwa kuwa ndiyo faida ya mwani iliyothibitika kuliko zote, na papo hapo ndiyo hatari iliyo karibu zaidi na mama mkwe wako. Madini haya yaligunduliwa kutokana na mwani wenyewe: mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alitia asidi kali kwenye masalia ya majivu ya mwani, akaona mvuke wa zambarau ukipanda na kugeuka fuwele nyeusi ulipopoa. Tezi ya shingo huyatumia kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nishati. Yakipungua huleta rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, na kwa mjamzito yanaweza kuathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na hapo ndipo aina ya mwani inapokuwa jambo la kwanza kuulizwa. Nori, ule mwekundu unaokaushwa ukawa kama karatasi, umewahi kupimwa na kukutwa na mikrogramu 16 hivi kwa kila gramu, ilhali mwani wa kahawia wa jamii ya kelpu, kama kombu, unaweza kupita 2,000, na chembechembe za kelpu zilizosindikwa zimewahi kupita 8,000. Kwa hiyo gramu moja ya kelpu inaweza kuvuka kiwango cha juu cha siku nzima, ambacho Ulaya ni mikrogramu 600 na Marekani ni 1,100. Madini joto yakizidi, tezi yenye hitilafu inaweza kulegea zaidi au kuchachamaa. Hata kwa watu wasiokuwa na ugonjwa, katika miaka ya 1960 watafiti waliripoti rovu katika pwani ya Hokkaido, Japani, miongoni mwa walaji wa kombu nyingi. Mshauri mama mkwe wako asitishe vidonge vya mwani hadi daktari wake aarifiwe, ila asiguse kabisa dozi yake ya levothairoksini.

Kemia_Hai alijibu:

Naongezea kuhusu fukoidani, kwa sababu ndiyo inayotangazwa zaidi. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913 na Harald Kylin wa Uswidi kutoka kwenye mwani wa kahawia, na ni sehemu ya ule ute unaoteleza vidoleni unapoushika mwani huo ukiwa umelowa. Ni mnyororo mrefu wa sukari uliobeba vikundi vya salfeti, na salfeti hizo ndizo zinazoifanya ifanane kitabia na heparini, dawa inayozuia damu kuganda. Nadhani maneno ya "kusafisha damu" yalianzia hapo. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiichukulie kuwa kitu chepesi.

Kuhusu saratani, matokeo yanayonukuliwa mengi ni ya seli zilizomwagiwa fukoidani katika vyombo vya maabara na ya panya. Molekuli yake ni kubwa, na ikimezwa ni kiasi kidogo tu kinachopenya kwenda kwenye damu, kwa hiyo seli iliyooga ndani ya fukoidani haituambii mengi kuhusu kidonge cha asubuhi. Hali kadhalika fukozanthini, rangi inayoupa mwani huo ukahawia wake: kwa panya iliamsha protini inayochoma mafuta kuwa joto, lakini ushahidi kwa binadamu bado ni mwembamba. Inaniuma kuona wagonjwa wakiuziwa matokeo ya panya kana kwamba ni tiba.

Lishe_Bora alijibu:

Mimi naona faida iliyo imara imesahauliwa, nayo ni nyuzinyuzi. Chukua algineti ya mwani wa kahawia, ambayo imo katika dawa nyingi za kiungulia: ikifika tumboni na kukutana na asidi huganda kuwa utelezi mzito, viputo vya gesi kutoka kwenye bikaboneti iliyochanganywa nayo huuinua, na utelezi huo huelea juu ya chakula ukizuia asidi isipande kooni. Algineti ya kalisiamu hutumika pia kufunika vidonda vinavyotoa majimaji.

Nyuzinyuzi hizo hatuwezi kuzimeng'enya wenyewe. Bakteria wa utumbo ndio wanaojaribu. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa utumbo wa baadhi ya Wajapani wamebeba jeni za kuvunja wanga wa nori, jeni zilizotoka kwa bakteria wa baharini. Bila shaka si kila mlaji atapata manufaa yaleyale kutoka kwenye mwani uleule.

Bahati_N aliandika:

Nawashukuru sana. Amekubali kusitisha vidonge, lakini anauliza kama anaweza kula mwani wenyewe kama chakula.

Mfamasia_Mzee alijibu:

Daktari wake akiridhia, nori kidogo ndiyo chaguo la kwanza: gramu tano kwa makadirio yale ni mikrogramu 80 hivi. Kombu ni afadhali aiepuke. Kuichemsha hutoa sehemu kubwa ya madini joto, lakini huhamia kwenye mchuzi, na akiunywa atakuwa ameyarudisha yote. Hijiki, aina nyingine ya mwani, asiile kabisa, kwa kuwa ina aseniki isiyo ya kikaboni, ambayo ni sumu, na mamlaka ya chakula ya Uingereza ilishauri watu waiache tangu mwaka 2004. Levothairoksini aendelee kuimeza kwa maji matupu kabla ya kula chochote, angalau nusu saa hadi saa moja, kwa sababu nyuzinyuzi na kalisiamu huweza kupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Aombe pia kipimo cha TSH, homoni inayoonyesha jinsi tezi inavyofanya kazi, kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane.