Nyanya iliyohaririwa jeni, bila DNA ngeni: ni GMO au siyo?

Mleta mada: Mwongozo wa Kenya wa 2022 unasema zao lililohaririwa likabaki bila DNA ngeni halibanwi na sheria ya GMO (viumbe vilivyobadilishwa jeni). Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kinyume mwaka 2018. Tuchukue nyanya ya Tomelo, iliyotangazwa 2017. Imekatwa herufi 48 za DNA kwenye jeni SlMlo1, ambayo ni breki ya kinga. Breki ikikatika, seli hujaza kifusi pale kuvu wa ubwiri unga anapotoboa, akakwamia nje. Ipo pia nyanya ya asili, ol-2, iliyopoteza herufi 19 za jeni hiyohiyo bila kuguswa na mtu. Moja iwe GMO, nyingine isiwe?

Kitalu: Mkato sina ugomvi nao, nina ugomvi na njia. Mkasi wa Cas9, yaani protini inayokata DNA, huingizwa kwanza kwa Agrobakteria, bakteria anayepenyeza DNA yake kwenye mmea, kisha mmea unajichavusha na inachaguliwa miche isiyorithi mkasi. PCR, kipimo kinachonakili kipande kimoja tu cha DNA, itakuonyesha kuwa eneo lililokatwa limefupika, basi. Kipande cha plasmidi (duara la DNA lililobeba mkasi) kilichojibanza kwingine hakitaonekana mpaka jenomu nzima, yaani DNA yote ya mmea, isomwe. Mwenye mbegu alete usomaji huo, na pakiti iandikwe kuwa imehaririwa.

Shayiri: Usomaji sawa, lebo hapana. Jeni Mlo ya shayiri, ndugu ya SlMlo1, iliharibiwa kwa eksirei Ujerumani mwaka 1942, na zipo shayiri za kienyeji za Ethiopia zenye kasoro ya jeni hiyohiyo. Ulaya wanailima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na hakuna pakiti iliyoandikwa "mionzi". Kinachonitia shaka mimi ni kingine: shayiri hiyo hushambuliwa zaidi na kuvu wa blasti. Ukiondoa breki kwa adui mmoja, mwingine anaweza kupata mlango. Mamlaka idai majaribio ya magonjwa mengine, shambani.

Kitalu: Na ubwiri unga wenyewe si mmoja. Oidium hukaa juu ya jani kama unga uliomwagika. Leveillula huingia ndani: madoa ya njano juu, unga chini. Kwa huyu wa pili, kupoteza SlMlo1 kunapunguza tu. Mkulima akiambiwa "haiugui", ataacha kupiga dawa ya salfa, halafu atalaumu mbegu.

Bwana Mbegu: Mnasahau anayehifadhi mbegu. Linganisheni na kinga nyingine ya nyanya: jeni Mi-1, inayozuia minyoo fundo ya mizizi, ni tawala, yaani nakala moja yatosha, kwa hiyo chotara huhitaji mzazi mmoja tu mwenye nayo. Panda mbegu za chotara huyo, robo ya miche haina kinga. Mlo iliyokatwa ni fichifu, hukinga tu nakala zote mbili zikiwa zimekatwa: wazazi wote wawili lazima wawe nayo, kwa hiyo hata mbegu za kuhifadhi hubaki na kinga hiyo, isipokuwa poleni ya nyanya ya jirani iingie.

Mleta mada: Basi swali langu kwa Kitalu: mkaguzi akikuta upungufu wa herufi kwenye SlMlo1, atajuaje kama ulitokana na mkasi au ulitokea wenyewe kama wa ol-2?