Villa Savoye au Farnsworth: ipi imeacha alama zaidi kwenye nyumba za watu?

Mchoraji_Tanga: Wakuu, salaam. Ubishi wa ofisini haujaisha tangu Jumatatu. Villa Savoye ya msanifu majengo Le Corbusier na binamu yake Pierre Jeanneret (Poissy, nje ya Paris, 1931) na Farnsworth, nyumba ya vioo ya msanifu Mies van der Rohe (Plano, Illinois, Marekani, 1951): ipi imezaa nyumba nyingi zaidi? Mimi Savoye.

Pimamaji: Savoye, wala tusipige kura. Nyumba juu ya nguzo, kuta za nje hazibebi mzigo, madirisha marefu kama mkanda, bustani juu ya paa. Ukiona ghorofa gari limeegeshwa chini ya sebule, umeona mjukuu wake. Ukuta wa pale chini umepindwa kufuata gari linavyokata kona!

BintiMakuti: Mnasifia tu. Mama Savoye, mwenye nyumba, alikuwa anamwandikia Le Corbusier barua za malalamiko: mvua ikinyesha, maji ukumbini, maji kwenye njia ya kupandia juu. 1940 vita ilipofika wakahama. Na mimi nilijenga kontempo, bati limefichwa nyuma ya ukuta. Majani ya mwembe yakaziba gata, dari la chumba cha watoto likavimba kama andazi.

Mchoraji_Tanga: Pole dada. Hilo ni la fundi, hakuweka mteremko wa kutosha.

BintiMakuti: Kaka, paa la makuti maji yanajua yenyewe pa kwenda.

Nondo12: 😂 Natetea Farnsworth. Nguzo nane za chuma, vioo pande zote, choo na jiko vimekusanywa katikati. Sebule yoyote yenye kioo kutoka sakafuni hadi darini ina deni pale. Kasoro zipo: sakafu iliinuliwa zaidi ya mita 1.5 kukwepa Fox River, lakini 1954 mto ukaingia ndani, 1996 tena. Mwenye nyumba, Daktari Edith Farnsworth, na Mies walifikishana mahakamani kwa ajili ya gharama. Kiangazi joto, usiku ukiwasha taa wadudu wote wa mtoni ni wako.

Pimamaji: Ile ni nyumba ya mtu mmoja kwenda kupumzika wikiendi. Mwenye watoto wanne amechukua kioo tu, tena kakiwekea pazia zito.

Nondo12: Hata daktari mwenyewe aliweka pazia, mkuu.