Cheti cha polisi kwa kijana wa misheni: nani ameshapita dirisha hili?

Kutoka: Mama wa Tabata

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo habari za Jumapili.

Kijana wangu amepata wito wa umisionari wa kanisa letu, Watakatifu wa Siku za Mwisho. Barua iliingia kwenye simu Jumanne usiku. Tukaifungua sebuleni wote, baba yake yuko hewani kutoka Nakuru: Misheni ya Durban, Afrika Kusini, miezi 24. Nililia mpaka jirani akaja kubisha hodi.

Sasa shida yangu. Daktari tayari, meno tayari, eksirei ya kifua tayari. Kimebaki cheti cha polisi. Kuna ofisi nimeshaiendea mara tatu. Mara ya kwanza barua ya serikali ya mtaa haina picha. Nikarudi kwa mtendaji, akabandika, akagonga muhuri. Mara ya pili mtandao uko chini. Mara ya tatu dada wa dirishani akaona pasipoti ina majina matatu na DP (kibali chake cha mtegemezi cha kuishi hapa Tanzania) ina mawili, akanirudishia karatasi zote: "Mama, hawa ni watu wawili." Na kijana amesimama hapo hapo mbele yake.

Swali: jina la tatu linamalizwa kwa kiapo cha wakili, au DP inafanywa upya? Zimebaki wiki tisa.

---

Kutoka: Fundi wa Ukonga

Hongera mama, na pole. Hukusema cheti cha nchi gani. Kijana ni Mkenya, anza na GC ya nyumbani, yaani Good Conduct, cheti cha polisi cha Kenya. Ingia eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, lipa shilingi 1,050 za Kenya, chapa C24, ile fomu ya alama za vidole, achukuliwe vidole kwa wino, fomu ziende Nairobi.

Mimi nilihangaika na GC nilipopata kazi ya vigae Doha. Miaka ishirini ya simenti imekula alama za vidole vyangu. Fomu nikampa dereva wa basi wa Namanga, zikafika, zikarudi: kidole gumba cha kushoto hakisomeki. Nikapumzika kazi wiki mbili, kila usiku napaka mafuta ya nazi, ndipo alama zikaonekana. Kazi yenyewe ilikuwa imeshachukuliwa. Kwa hiyo mama, C24 tuma mbili, usitume moja.

---

Kutoka: Dada wa Mbezi

Kaka Fundi, usimpoteze mama. Afrika Kusini kwa kibali kirefu inataka cheti cha kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi tangu utimize miaka 18. Mtoto huyu namjua, yuko Dar tangu darasa la pili, na 18 amezitimizia hapa hapa. GC ya nini? Tena cheti kisizidi miezi sita siku ya kupeleka maombi. Na asije mtu akamwambia Mkenya anaingia kule bila viza. Zile siku 90 ni za kutembea, si za kukaa miaka miwili.

---

Kutoka: Fundi wa Ukonga

Dada, "usimpoteze" umeiandika mbele ya watu wote. Nipo Dar tangu 1998. Ofisa akiitaka karatasi, huwezi kumsomea kanuni, unampa karatasi. Sikusema anaingia bila viza.

---

Kutoka: Kijana wa Sinza

Mama, shikamoo. La DP silijui, mambo yangu yote yalishughulikiwa na ofisi ya misheni. Ila nilitumikia Lusaka, 2021 hadi 2023, na najua utalala vipi usiku wa kwanza, maana mama yangu alinisimulia. Nikueleze siku ya mwanao itakavyokuwa.

Anaamka saa kumi na mbili na nusu. Mazoezi kidogo, kuoga, chai hakuna, anakula alichopika yeye au mwenzake. Halafu kusoma, peke yake kwanza, kisha wote wawili. Huyo mwenzake ndiye atakayekuwa jambo kubwa kuliko yote. Hamchagui. Mnalala chumba kimoja, mnatembea pamoja, hata dukani kununua sabuni hamwachani. Wangu wa kwanza alitoka Utah, hakuwahi kufua kwa mikono. Nilimfundisha kusugua kola ya shati jeupe, yeye akanifundisha kuomba radhi kabla jua halijazama. Wa pili alikuwa Mkongo wa Lubumbashi. Tuliongea Kiswahili siku nzima, na nyumbani kukawa karibu.

Mchana ni miguu. Watu watamfungia mlango. Wengine watamkaribisha kwa sababu ya jua tu, wampe maji, basi. Nilijifunza kusema "muli bwanji" kwa sauti ambayo haiombi kitu. Nshima ni ugali wetu, kapenta ni dagaa, hatateseka sana hata akihamishiwa kokote. Saa nne na nusu usiku taa zinazimwa.

Kila baada ya wiki sita hivi anaweza kuambiwa fungasha. Mfungashie vitu vichache. Viatu ndivyo vya kugharamia. Jozi mbili, soli nene, vya kushona. Mimi nilipeleka vya kubandika, mvua ya Januari ikavimaliza.

Jumatatu ni siku ya maandalizi: kufua, soko, kunyoa, na kukupigia. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kupiga kila wiki. Zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Akipiga, usimwambie mapema nani anaumwa. Msikilize kwanza, halafu mwambie.

---

Kutoka: Baba wa Kigamboni

Naomba kuuliza kwa nia njema. Hawa Wamormoni wanamlipa kijana kiasi gani? Miaka miwili bila chuo ni mingi.

---

Kutoka: Dada wa Mbezi

Halipwi. Familia inachangia, kanisa linajazia panapopungua. Na tafadhali tuliite Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mwaka 2018 Russell Nelson, rais wa kanisa wakati huo, aliomba jina hilo jingine liachwe, na sisi waumini linatuuma. Chuo kitamsubiri. Wangu alirudi akamaliza uhasibu.

---

Kutoka: Baba wa Kigamboni

Nimekuelewa dada, sikukusudia kuumiza.

Ila kinachoniuma mimi ni hiki. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza Julai 2010. Mkenya amekulia Tabata, Kiswahili chake ni cha Tabata, na bado jina moja kukosekana kwenye karatasi linamgeuza mtu mwingine. Halafu Julai 2025 likaja agizo la biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi. Mke wangu alikuwa na saluni. Tumefunga. Viti tumewauzia wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe.

---

Kutoka: Fundi wa Ukonga

Pole sana Baba. Hata kwetu wapo wanaosema Mtanzania asiuze kitu Nairobi. Tusisahau.

---

Kutoka: Mama wa Mbagala

Kwangu wamisionari huja kula Jumapili moja kwa mwezi. Mara ya kwanza niliwapikia chai ya maziwa ya kwetu, imechemka na tangawizi, majani ya Kericho niliyokuwa nayatunza. Hawakugusa. Nilikasirika kimoyomoyo, chai ya kwetu unaikataaje? Mmoja, Mmarekani, miaka 19, kibao kifuani kimeandikwa "Mzee", akaniambia kwa Kiswahili cha kukwamakwama kwamba chai hawanywi, lakini harufu yake ni nzuri, anaomba akae karibu nayo. Siku hizi nawatengenezea ukwaju.

Wanakuja shati limelowa mgongo mzima, unajua joto la huku Januari. Wakishakula wanaosha vyombo, hata nikikataa. Siku moja yule Mzee alikuwa anasugua sufuria ya ugali, nikamwona ananyamaza. Nikamuuliza, akasema mama yake ana sufuria yenye mpini uliovunjika vile vile. Nikakumbuka jiko la mama yangu Kericho, ule moshi, na sijafika huko tangu mazishi. Tukaosha vyombo wote.

Mama wa Tabata, huko Durban kuna mama atampikia wa kwako. Mwambie asikatae kula mara ya pili.

---

Kutoka: Mama wa Tabata

Nimesoma zote, nyingine kwa sauti, kijana akiwa anapiga pasi. Ya viatu ameiandika kwenye daftari. Ya sufuria alitoka nje kidogo.

Kesho alfajiri narudi dirishani, mara ya nne. Bado sijajua nibebe kiapo au fomu mpya ya DP. Wakili wa hapa mtaani anataka elfu thelathini, nisingependa kuitoa bure. Nani alishapeleka kiapo pale kikakubaliwa?

---

Kutoka: Fundi wa Ukonga

Mama, kesho sina kazi. Nitakukuta kituo cha Tabata Relini saa kumi na moja na nusu, tuwahi foleni. Mwambie kijana aje na picha nne za pasipoti, zenye mandhari ya bluu na nyeupe, zote mbili.