Fuso inachomoa mpira wa intakula kila ikipanda mlima, kweli nibadilishe turbo?

MamaViazi_Uyole
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni mwenye gari, siyo dereva, kwa hiyo mnivumilie nikikosea majina ya spea. Nina Fuso moja ya turbo, silinda 6. Inapeleka viazi Dar na kurudi na mbolea au saruji hadi hapa Uyole.

Ndani ya miezi 2 mpira wa intakula, ile ya kupoza hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini, umechomoka mara 3. Ni mara zote kwenye kupanda na mzigo: mara 2 Kitonga, na juzi Mlima Nyoka, nyumbani kabisa. Dereva anasema husikia "puu!" kama tairi limepasuka, kisha gari halivuti, moshi mweusi unafunika barabara, na anamalizia mlima kwa gia ya kwanza huku watembea kwa miguu wanampita.

Mara ya kwanza walifunga kwa tyubu na waya wakafika. Mara ya pili fundi wa njiani aliweka mpira wa silikoni wa bluu, unang'aa kama kitu cha harusi. Haukumaliza safari 3, na haukupasuka, umechomoka tu. Sasa fundi wangu wa hapa anasema turbo imekufa, inatupa oili, ninunue nyingine. Bei aliyonitajia ni ya ng'ombe 2 wa maziwa. Na siwafichi, nimeanza kumtilia shaka dereva.

Tingo_Mstaafu
Pole sana dada. Kwanza mwache dereva wa watu. Mafuta anaweza kuchota, lakini ule moshi hawezi kuuigiza. Mpira ukichomoka, hewa iliyosukumwa na turbo inaishia nje badala ya kuingia kwenye injini. Pampu inaendelea kumwaga dizeli kama kawaida, hewa ya kuichoma haipo, ndiyo moshi mweusi. Ila mwambie asilazimishe mlima akiwa hivyo. Dizeli nyingi bila hewa inapandisha joto kwenye pistoni, na pistoni zikiungua utasahau habari za mpira.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Uza hilo, nunua bajaji 3, ulale usingizi.

Tingo_Mstaafu
Viazi utapeleka Dar kwa bajaji? Pita tu mdogo wangu.

FundiDizeli_Sido
Dada, kabla sijasema lolote nijibu moja. Ule mpira una ncha 2. Moja imevaa bomba linalotoka kwenye injini, nyingine imevaa intakula. Unachomoka ncha ipi?

MamaViazi_Uyole
Nimempigia dereva, yuko Makambako. Anasema ya upande wa injini, mara zote 3. Ya intakula haijawahi.

FundiDizeli_Sido
Hapo ndipo nilipotaka. Intakula imefungwa mbele, pamoja na rejeta, haichezi. Injini imekaa kwenye mauntingi za mpira, yaani vile vikalio vinavyoishikilia. Mauntingi ikichoka, dereva akikanyaga mafuta na mzigo mgongoni injini inajipindua upande mmoja na kuvuta bomba lake. Mpira umebanwa huku, unavutwa kule, lazima upande mmoja uachie. Ndiyo maana tambarare ya Igawa unapita salama ila Kitonga unakataa. Injini ikiwa imezimwa na kabini imeinuliwa, fundi aingize mtaimbo chini ya kila mauntingi ainue kidogo. Nzima inagoma. Iliyokatika utaona chuma kinaachana na mpira, haihitaji kusomea.

Kuhusu oili. Utando mwembamba ndani ya mabomba ya intakula siyo ugonjwa, unatoka kwenye briza, yaani bomba la injini kupumulia. Ila oili ndiyo inayofanya mpira uteleze na kulainika, hasa silikoni ya kawaida isiyo na tabaka la ndani la kuzuia oili. Ukiinamisha bomba ikamiminika, hapo tuongee. Hata hivyo aangalie kwanza kama briza imeziba, maana ikiziba hata turbo nzima hutupa oili. Kisha afungue hozi ya kuingizia hewa kwenye turbo, injini ikiwa ya baridi, ashike shafti, ule mhimili wa katikati, kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Ikisukumika mbele na nyuma kwa kuhisika, au mapanga ya feni yake yakigusa ukuta, basi fundi wako alikuwa sahihi na mimi nitaomba radhi hapa hapa.

Mnyalu_Mafinga
Naongezea kwenye kufunga, maana wengi wanaharibu hapo. Pima kipenyo cha bomba lenyewe, siyo mpira wa zamani ambao umeshavimba. Bomba lifutwe mpaka likauke kabisa, kitambaa kitoke cheupe. Usipake grisi ili mpira uingie kirahisi! Nimeona mtu anapaka grisi halafu anashangaa. Maji kidogo yanatosha. Klipu zile nyembamba za bisibisi zenye matundu zinakata silikoni, tafuta pana za kukaza kwa bolti na nati. Na klipu ikae nyuma ya ule mdomo ulioinuka wa bomba. Ikikaa juu ya mdomo, haijashika kitu. Akimaliza safari ya kwanza akaze tena kidogo, kwa sababu mpira ukipata joto unabonyea na klipu inalegea.

Ila silikoni siyo adui. Ninayo yenye tabaka 4 mwaka wa pili huu. Ya bluu ya kwako nadhani ilivaa bomba lenye oili tu.

FundiDizeli_Sido
Sahihi. Na mkitaka kupima uvujaji kwa kompresa, wazibe mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, wapake maji ya sabuni kwenye maungio. Psi 15 zinatosha. Wasilete ule upepo wa kujazia tairi za Fuso bila kupunguza, kizibo kitaruka kimtoe mtu meno.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Mauntingi za Fuso kweli zinakufa, nisameheni kwa ile ya bajaji.

MamaViazi_Uyole
Nimerudi wakubwa. Mauntingi ya kushoto ilikuwa vipande 2, tumeona wote kwa macho, hata mtoto wangu. Briza ilikuwa imeziba kwa uchafu mgumu kama lami. Shafti ya turbo iko salama. Nimebadilisha mauntingi zote 2, mipira 2 ya intakula na klipu 4 za bolti, mabomba yamefutwa mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama alivyosema wa Mafinga.

Jana gari limepanda Kitonga na mifuko 200 ya mbolea. Dereva alinipigia akiwa Ilula, anacheka, anasema amempita jamaa mmoja wa semi kule juu. Nimemwomba radhi kimoyomoyo, kwa mdomo bado.

Fundi aliyetaka nibadilishe turbo amekuja leo kudai hela ya uchunguzi. Nimempa debe la viazi.

Tingo_Mstaafu
Debe zima? Ungempa ule mpira wa bluu.